Mwalimu Wangu Ndiye Mteja Wangu, na Kitabu Hakiishi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Mombasa na mama yangu na wadogo zangu wawili. Kazi yangu ni kuchora. Sijaajiriwa popote, nachukua kazi za watu mmoja mmoja: vitabu vya watoto, mabango, nembo za mikahawa, kadi za harusi, na kuna mwaka nilichora samaki na pweza wa kubandikwa kwenye mkokoteni wa muuza viazi karai. Huu ni mwaka wa sita, na kodi ya nyumba inatoka humo humo, kwa hivyo si mchezo.

Tatizo langu ni mtu ninayemheshimu. Hapa nitamwita Mwalimu, maana ndivyo ninavyomwita hata leo. Alinifundisha darasa la tano na la sita. Siku moja alinikuta nachora nyuma ya daftari la hesabu. Nilijua ni viboko. Kesho yake akaniletea boksi la penseli za rangi, rangi 12, akaniambia daftari la hesabu niliache lipumue. Baba alipofariki, Mwalimu alikuwa matangani siku zote. Sasa amestaafu, ana miaka 74, na ameandika hadithi ya mtoto anayepelekwa baharini na bibi yake kwa mara ya kwanza. Ni hadithi nzuri kweli, Shangazi. Anataka kuichapisha kwa pesa zake mwenyewe, zile alizobakisha za kiinua mgongo.

Oktoba iliyopita aliniita kwake, akanisomea yote kwa sauti, kisha akasema, "Mwanangu, nani mwingine atanichorea?" Tukapatana kwa mdomo: kurasa 32, picha 14, kila picha shilingi 5,000, jumla 70,000. Usiku uleule akanitumia 15,000 kwa M-Pesa. Hatukuandika kitu. Kumwekea Mwalimu karatasi atie sahihi niliona ni sawa na kumwambia simwamini.

Kwa wateja wengine nina utaratibu, na niliupata kwa kulizwa. Mteja akija namuuliza picha ni ya kazi gani, itachapishwa au itakaa kwenye simu, inatakiwa lini. Analipa nusu kabla sijashika kalamu. Marekebisho ni mara mbili; ya tatu yana bei yake. Faili kubwa la kuchapishia halitoki mpaka salio liingie. Nachorea kwenye tableti: naanza na vichoro vidogo kama stempu, nakuja kwenye penseli, halafu wino, halafu rangi. Ila hizo penseli simwonyeshi mtu. Zinakuwa chafu, mkono una vidole sita, uso hauna macho. Niliwahi kumwonyesha mteja mmoja akaniuliza, "Sasa hii ndiyo kazi?" Tangu siku hiyo napeleka picha iliyokamilika, na rangi zake, mtu aone pesa yake imekwenda wapi.

Kwa Mwalimu nilitaka kumshtukiza. Nilijifungia miezi miwili, nikamtumia picha zote 14 kwa WhatsApp kwa mpigo mmoja. Nilidhani atalia kwa furaha. Alinyamaza siku mbili, kisha zikaanza kuingia jumbe za sauti, saa kumi na moja alfajiri, moja ya dakika nne, moja ya dakika saba.

Leso ya bibi nilikuwa nimeipaka nyekundu. Akasema huyu ni mjane aliyetulia, mpe buluu. Bibi yuko kwenye picha 11, na leya zote, yaani tabaka za picha kwenye tableti, nilikuwa nimeshaziunganisha ili isijae, kwa hivyo nilipaka upya, moja baada ya nyingine. Halafu ngalawa: nimeiwekea mti wa pembeni upande mmoja tu, na ngalawa ina pande mbili. Halafu bibi ni mwembamba mno, mama yake yeye hakuwa hivyo. Halafu akaongeza binamu wa kike kwenye hadithi, sasa picha tano zinataka msichana ambaye hakuwepo. Na bahari! Kila mara bahari ina giza, bahari ni kama chai ya maziwa. Nimeing'arisha mara tatu mpaka macho yananiuma mimi mwenyewe, na yeye anashika simu mbali na uso, anasema bado giza.

Hii ni mara ya sita. Kila mara nimejibu, "Sawa Mwalimu."

Mteja mmoja wa mkahawa alishachoka kunisubiri akaenda kwa mwingine. Sasa kuna shirika la afya linataka mabango ya kliniki za wajawazito: shilingi 120,000, nusu mkononi, kazi ya wiki tano, na wanataka jibu Jumatatu. Nikikubali, kazi ya Mwalimu itasimama. Nikikataa, sijui mwezi ujao tutamwambia nini mwenye nyumba.

Mama anasema Mwalimu ni mzazi, mmalizie hata kama ni bure. Binamu yangu anasema picha ni zangu kwa sababu ni mkono wangu, nimnyime mafaili, wale wahusika niwachape kwenye fulana niuze, na akileta maneno nimpeleke Mahakama ya Madai Madogo. Mimi nimefika mahali simu ikilia tumbo linakata. Wiki iliyopita alinipigia mara nne, nikaitazama inalia mpaka ikazima. Halafu nikamwandikia kwamba nina malaria. Shangazi, nimemdanganya mtu aliyeninunulia penseli.

Nimwekee masharti katikati ya safari? Nimalize kimya kimya kisha nisimchoree tena? Nifanye nini?

Mchoraji, Mombasa

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mzee msumbufu. Mara ya pili nilikwenda taratibu, nikitafuta mahali ambapo amekataa kukulipa, na sikupaona. Nikatafuta mahali ulipomwomba fungu la pili la pesa, napo sikupaona. Labda umesahau kuandika. Lakini kama kweli hujawahi kumwomba, basi huyu mzee anayekugharimu kodi ya nyumba huenda hajui kama anakugharimu hata thumni. Kwa upande wake mambo ni hivi: alitoa pesa Oktoba, anatoa maoni, na wewe unajibu "Sawa Mwalimu." Mtu akijibiwa sawa mara sita, anaamini ni sawa.

Umebeba madeni mawili kwenye kapu moja. Lipo deni la boksi la penseli na siku za matanga, na hilo sidhani kama lina bei wala kama Mwalimu ameliandika mahali. Na ipo kazi ya picha 14, yenye bei mliyoipanga nyinyi wawili, yeye mwenyewe akaikubali na kuanza kuilipa usiku uleule. Hebu ona: yeye hakusema "nichoree kwa sababu ya zile penseli." Aliuliza bei, akatoa simu. Aliyeyachanganya madeni ni nani?

Sasa niruhusu niguse kitu ambacho huenda kikakuuma kidogo. Unasema kwa wateja wengine una utaratibu, na kweli unao, mzuri, wa pesa. Nusu kabla, marekebisho mawili, faili baada ya salio. Lakini utaratibu huo una mlango wa pesa na hauna dirisha. Mteja anaingia, analipa, kisha anakaa gizani mpaka siku unapomfungulia picha iliyokamilika. Hapo ndipo anapoanza kufikiri. Si kwa ubishi: ndiyo mara yake ya kwanza kuona chochote.

Hiyo penseli unayoificha ndiyo mahali pa mteja kubadilisha mawazo. Kumnenepesha bibi kwenye penseli ni kazi ya dakika kumi. Kumnenepesha akiwa na wino, kivuli na maua ya leso ni siku mbili. Ndiyo maana wachoraji wa vitabu vya watoto hupeleka kwanza vichoro vidogo vya kitabu kizima, halafu penseli, halafu picha moja tu yenye rangi kamili iwe kielelezo, na wakishakubaliwa hapo ndipo wanapopaka zilizobaki. Ungempa Mwalimu picha moja ya rangi mwezi Novemba, ungepaka leso moja upya, si 11. Yule mteja aliyeuliza "Sasa hii ndiyo kazi?" alikuumiza, nimeelewa. Ila hakuambiwa anaangalia nini. Fundi nguo hukupimisha gauni likiwa na pini na nyuzi nyeupe zinaning'inia, na hakuna anayeuliza kama hiyo ndiyo nguo ya harusi, kwa sababu fundi ametangulia kusema, "Hii ni ya kupimia."

Hebu tuyachambue hayo marekebisho, maana umeyaandika kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Ngalawa ni kosa lako, mpenzi. Ngalawa ya pwani yetu ina ndubi, hiyo miti ya pembeni, pande zote mbili. Kama uliiga picha ya mtandaoni yenye upande mmoja, pengine ni ya visiwa vya Pasifiki, huko ndiyo desturi yao. Mtoto wa Kipini au wa Gazi akifungua kitabu atacheka. Hilo Mwalimu alikuokoa, na halihesabiwi kwenye mara mbili wala mara sita. Binamu wa kike ni kinyume chake: yeye ndiye aliyebadilisha hadithi baada ya picha kuisha. Hiyo ni kazi mpya, na mchoraji yeyote angeiwekea bei bila kuona haya. Leso imekaa katikati. Hadithi ilitaja rangi? Kama haikutaja, wewe ulibahatisha na yeye hakusema.

Na unene wa bibi? Hapo nilisimama kidogo. Umeandika kwamba "mama yake yeye hakuwa hivyo." Mzee wa miaka 74 anamtafuta mama yake kwenye skrini ya simu, na hampati. Unaweza kurekebisha hilo mara 20 kwa kukisia usilipate. Umewahi kumwomba picha ya huyo mama? Hata pasipoti, hata ile ya rangi ya udongo iliyoning'inia sebuleni?

Bahari nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mimi si daktari, kwa hivyo haya yachukue kama maneno ya mtu aliyemuuguza mama yake. Mtoto wa jicho akianza kukua, rangi hufifia, buluu hupoteza ubuluu wake na kuelekea ukahawia, na mtu hulalamikia giza hata taa ikiwaka. Mama yangu alifua shuka nyeupe mara tatu kwa siku moja akisema zina manjano. Mwalimu anashika simu mbali, anaona chai ya maziwa mahali ambapo wewe macho yanakuuma kwa mwanga. Huenda ni skrini tu: simu yake imepunguzwa mwanga, au anaifungulia uani juani. Huenda ni zaidi. Kabla hujaing'arisha bahari mara ya nne, ingefaa mtu aulize juu ya macho, na si lazima awe wewe. Watoto wake wapo?

Hata kama macho yake ni ya kijana, hiyo buluu inayometa haitatoka kwenye karatasi. Unajua kuliko mimi kwamba skrini ni taa na mashine ya kuchapa ina wino wa rangi nne tu, na buluu kali za skrini ndizo za kwanza kufa zikifika mashinani. Kwa hivyo mnagombania rangi ambayo msomaji hataiona. Ukurasa mmoja uliochapwa kwenye karatasi ileile ya kitabu ungemaliza maneno ambayo jumbe za sauti haziwezi kuyamaliza.

Nije kwenye karatasi uliyoogopa kumpa. Uliona ni kumvunjia heshima, na sikulaumu, kwetu tumelelewa hivyo. Ila mfikirie ni nani. Huyu ni mtu aliyeandika maazimio ya kazi kila muhula, akajaza rejista kila asubuhi, na akarudisha madaftari yasiyo na tarehe. Katika watu wote wa Mombasa, unadhani mwalimu mstaafu ndiye atakayetishwa na karatasi yenye mistari sita? Inawezekana ndiyo, wewe unamjua, mimi simjui. Inawezekana pia ungemwona anatafuta miwani na kukusahihishia kiswahili chako.

Binamu yako ana moyo wa kukupigania, lakini hapo pa "picha ni zangu" mwambie apunguze mwendo. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hata kama hukuajiriwa naye, hakimiliki yake huchukuliwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Uingereza ni tofauti, kule mchoraji wa kujitegemea hubaki nayo, na nadhani ndiko yanakotoka mengi yanayosemwa mitandaoni. Kwa hivyo hizo fulana zinaweza kukuingiza kwenye shimo ulilomchimbia mwingine. Kinachobaki kwako hata hivyo ni haki ya kutambuliwa kuwa ndiye uliyechora: jina lako liwepo kitabuni. Na kwa wateja wote wa mbele, mstari mmoja unaosema nani anamiliki nini una thamani kuliko unavyofikiri, kwa sababu ukikaa kimya, sheria imeshakujibia.

Mahakama ya Madai Madogo ipo, haikutungwa na binamu. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na ujumbe wa M-Pesa na zile jumbe za sauti ni ushahidi. Ni mlango mzuri kwa mteja aliyekula pesa yako akazima simu. Ila mwanangu, hapa aliyezima simu ni nani?

Basi tutazame njia zilizopo, kila moja na mwiba wake.

Kumaliza kimya na usimchoree tena. Kwa macho ni njia ya amani. Lakini kimya ndicho kilichokufikisha mara ya sita, na hakuna kitu kwenye barua yako kinachosema hakutakuwa na ya saba. Tena kuna uwezekano utakimaliza ukiwa na kinyongo, na kinyongo huonekana kwenye mkono. Watoto huwa wanakiona hata kama hawajui wanaona nini.

Kumpa bure, kama mama asemavyo. Mama hajakosea kuhusu heshima, na zawadi ni kitu kizuri. Swali langu ni kama wewe unataka kutoa au unataka tu kutoroka mazungumzo. Salio ni 55,000. Kama ni zawadi, basi itamkwe kwa kinywa: "Mwalimu, hizi zilizobaki ni zawadi yangu kwako," ajue amepewa, ashukuru, na aache kuagiza kama mteja. Zawadi isiyotamkwa yeye ataiita kazi, na wewe utaiita dhuluma. Na nikuulize, mama anajua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi? Si kwa kumlaumu. Pengine ushauri wake ungekuwa na sura nyingine kama angeuona mfuko wako.

Kuchukua mabango na kumwomba Mwalimu subira ya wiki tano. Hii pengine ndiyo inayokuvuta, na pesa yake ni ya kweli. Hatari yake ni umri wake na shauku yake. Wiki tano kwa mtu wa miaka 74 anayesubiri kitabu cha kwanza si wiki tano zako. Hatari nyingine ni kwamba ukipata nafasi ya kupumua, hutarudi. Kama utaifuata, mpe tarehe, si "baadaye kidogo." Na kama wale wa shirika la afya hawajaelezwa mara ngapi wanaweza kurekebisha na wataona nini kwanza, usifurahie hiyo nusu mkononi kabla hujawaonyesha penseli.

Au kumwekea masharti sasa hivi, katikati ya safari. Unaogopa, na una sababu: anaweza kuumia, na anaweza kusema pesa za kuongeza kwa ajili ya binamu wa kike hana. Mzee anayechapisha kwa kiinua mgongo pengine kweli hana. Ingekuwa mimi ningejiandaa kwa jibu hilo kabla ya kwenda, kwa sababu bado lina njia: binamu aonekane kwenye picha mbili badala ya tano, au atajwe kwenye maneno tu asichorwe, au alipe polepole. Kuna maneno ambayo nimekuwa nikiyageuza kichwani tangu nisome barua yako. Yapime mdomoni mwako, na yasipokaa vizuri yatupe: "Mwalimu, nimekosea kukutumia picha zote zikiwa zimeisha, nilitaka kukushangaza. Sasa nataka tuzipitie pamoja mara ya mwisho kabla ya kwenda kwa mchapaji, tuandike tulichokubaliana, tuone na salio limefika wapi." Hakuna lawama humo, na hakuna uongo.

Kama utakwenda, usiende na tableti. Chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine: utapata kurasa 32. Nenda saiba uchape vichoro vyako vya penseli, ndiyo, hivyo hivyo vyenye vidole sita, vidogo, vyeusi na vyeupe, uvibandike mahali pake, na uandike maneno ya hadithi kwa mkono chini. Shona katikati kwa uzi. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Mwalimu atashika kitabu chake kwa mara ya kwanza, atafungua ukurasa na kuona bibi na mtoto wanaelekea baharini, na hakutakuwa na buluu ya kugombania. Kaeni nje kwenye mwanga. Mpe peni nyekundu.

Anaweza kukijaza nyekundu kila ukurasa. Sikufichi, walimu wana mkono huo. Ndiyo maana ile sentensi ya "mara ya mwisho" inatangulia peni. Akimaliza, mnahesabu pamoja: haya ni makosa yangu, haya tulikubaliana, haya ni mapya. Nina hakika hesabu hiyo ataielewa haraka kuliko wewe.

Jumatatu iko karibu, na jibu la mabango ni la kwako. Linaweza kwenda kabla ya kumwona Mwalimu au baada. Sioni kosa kwa lolote kati ya hayo, mradi usilitoe ukiwa umejificha chini ya mto na simu inalia.

Na jambo moja bado. Ukifika kwake, kabla hata hujaketi, atakuuliza malaria inaendeleaje, umepima wapi, dawa umemaliza. Walimu hawasahau mtoto aliyekosa darasa kwa ugonjwa. Nimejaribu kufikiri ningejibu nini, nikacheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Hilo jibu sina, mwanangu. Lakini ukilipata, niandikie.